Senene za Mwaka wa Vita

Anatolia wa Kagoma alikuwa na jina, na si lile alilobatizwa nalo kanisani. Jina lenyewe lilikuwa Mke wa Kambi, na alikuwa amelivaa tangu mwaka wa vita, kwa muda mrefu kiasi kwamba hata watoto wanaotumwa sukari walilitaja bila kujua wanachokisema. Wenye adabu walilisema akishapita. Wasio na adabu walilisema wakati anawamiminia chai mgahawani kwake, na hao aliwamiminia nusu kikombe.

Cha ajabu ni kwamba jina hilo halikuwahi kumfukuzia wateja. Madereva wa malori ya ndizi walipita migahawa miwili yenye viti vizuri zaidi wakaja kusimama kwake, pale senta, wakitumaini kuona walau mkia wa ile dhambi maarufu. Walichokikuta ni mama mnene wa miaka sitini na kitu, Mlutheri wa kuzaliwa, amejifunga kitenge juu ya gauni, mdomo hauna breki, anawauliza kama wamenawa mikono. Walikula, wakalipa, na wiki iliyofuata wakarudi, maana maharage yake yalikuwa matamu.

Aliyemletea ile filamu ni Lilian, mjukuu wake. Lilian alikuwa mwalimu wa historia mjini Bukoba, lakini Kagoma ndiko alikokulia. Baba yake alikwenda machimboni kabla mtoto hajazaliwa na akasahau njia ya kurudi, na mama yake, Agnetha, alikuwa bado anasomea uuguzi, kwa hiyo Anatolia ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemchapa na aliyemfundisha kuimba tenzi. Jumapili moja mchana, wateja wakiwa hawapo, Lilian alifungua kompyuta yake juu ya meza ya chapati akamwambia, Bibi, leo utaona mwanamke kama wewe.

Ilikuwa filamu ya Kimarekani ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya wakati wa vita vyao. Ndani yake kuna mwanamke anayeimba kwenye baa ya bandarini, na ana jina. Kila ofisa melini anamjua, na wake za maofisa wanamjua zaidi. Akiingia chumbani, wanawake wanahamisha viti. Akitoka, wanaume wanamtazama mpaka sigara zinawaunguza vidole. Anatolia alicheka sana sehemu hizo, akasema huyo mama wa kulia kabisa, mwenye kofia ya manyoya, ni mke wa mchungaji mmoja anayemfahamu yeye. Lakini mwishoni yule mwanamke alijitupa mbele ya risasi iliyokuwa inakwenda kwa ofisa, akaanguka vizuri, nywele zake zikabaki palepale zilipokuwa, ofisa akavua kofia, muziki ukalia, na wale wake za maofisa wakafuta machozi.

Anatolia hakufuta kitu. Alitaka kujua kwa nini wamemuua. Lilian akamweleza kwamba filamu za zamani zilikuwa hivyo, mwanamke mwenye jina hawezi kuachwa hai mpaka mwisho, lazima alipe ndipo watu wamsamehe. Anatolia akasema huo ni upumbavu wa kimataifa. Kama ingekuwa yeye, alisema, angekaa pembeni akasubiri wale wenye kofia watangulie wao, na kwa hapa Kagoma mpango huo ulikuwa unaendelea vizuri, maana wengi alikwisha kuwapikia chakula cha matanga.

Siku zile walikuwa wakicheka hivyo kwa sababu posa ya Lilian ilikuwa bado haijaletwa.

Mchumba aliitwa Audax, kijana wa Kanazi, mhandisi wa maji, mpole. Tatizo halikuwa Audax. Tatizo lilikuwa baba yake, Mwalimu Mushumbusi, mkuu wa shule mstaafu na mzee wa kanisa, mtu aliyeokoka zamani na hakuona sababu ya kupumzika tangu hapo. Kabla ya mahari alifanya uchunguzi wa ukoo, kama ilivyo desturi. Aliulizia ukoma, kifafa, uchawi na wizi, na kote akakuta shwari. Halafu akaulizia bibi.

Majibu yalimfikia Agnetha kwanza, na Agnetha ndiye aliyepewa kazi ya kuyapeleka Kagoma. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, akazungumza na mama yake kwa sauti anayotumia kwa wagonjwa. Upande wa Audax hawana neno na binti, alisema. Wanaomba kitu kimoja tu. Siku ya mahari Mama asikae mbele. Akae jikoni, asimamie chakula, kazi ambayo hata hivyo hakuna anayeiweza kama yeye, na blanketi la bibi, lile linalotolewa pamoja na mahari kumshukuru aliyemlea bibi harusi, Agnetha mwenyewe alipokee kwa niaba.

"Kwa niaba ya nani?" Anatolia aliuliza. "Mimi nimekufa?"

Agnetha akaanza kulia. Alisema ni siku moja tu. Alisema tangu shule ya msingi amekuwa akipigana ngumi kwa ajili ya jina ambalo si lake, na sasa limemfuata mwanawe mpaka Kanazi, na amechoka. Anatolia alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akakubali. Agnetha alipoondoka, Anatolia aliketi mbele ya sufuria zake akalia, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kisha akakasirika na sufuria. Blanketi hakulitaka, anayo matano. Alikitaka kile kiti. Alitaka kukaa mbele ya watu na kuonekana kwamba mtoto huyu ni kazi ya mikono yake.

Sasa, hilo jina.

Kwa Wahaya wa zamani, mwanamke ndiye aliyetoka alfajiri kwenda nyasini kukamata senene, wale panzi wa msimu wa mvua, akazinyonyoa mabawa na miguu, akazikaanga kwa chumvi na kumpelekea mumewe. Yeye mwenyewe hakula hata mmoja. Mume alikula, na asante yake ilikuwa nguo mpya. Senene zikishaingia tumboni mwa mwanamume na nguo ikishaingia mabegani mwa mwanamke, hakuna tena aliyeuliza huyu ni nani kwa yule. Siku hizi senene zinakamatwa kwa mabati na mataa makubwa, zinauzwa kwenye ndoo stendi, na wasichana wanazila huku wanatembea. Lakini mbele ya wakwe, wanawake wa umri wa Anatolia bado hujifanya hawajui ladha yake.

Mwaka wa vita, senene zilianguka wakati uleule majeshi ya Amin yalipokuwa yameshika nchi yote ya ng'ambo ya mto Kagera. Watu walikuwa wanashuka kusini na vitanda vichwani, na askari wetu wanapanda kaskazini na malori. Kundi moja lilipiga kambi siku chache karibu na shule ya Kagoma. Kati yao alikuwako dereva mmoja, Haidari, kijana wa Pangani, mwembamba, mwenye meno mazuri. Siku moja akirudi kambini alimkuta njiani kikongwe aliyekuwa ametembea kutoka Kyaka mpaka miguu imevimba, akampandisha mbele kwenye lori, akamshusha mlangoni kwao kabisa. Kikongwe huyo alikuwa bibi yake Anatolia.

Anatolia alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitaka kutoa shukrani. Akachukua kikapu kidogo cha nyasi chenye mfuniko, akakijaza senene alizozikamata mwenyewe kwenye umande, akaenda nacho kambini mchana kweupe, akampa yule dereva mbele ya wenzake. Na Haidari, ambaye kwao Pangani mtu akikuletea chombo chenye kitu humrudishii chombo kitupu, akatafuta kitu cha kutia. Askari hana kitu. Alichokuwa nacho ni kanga ambayo mama yake alimfungia nguo siku ya kuondoka. Akaikunja, akaitia kikapuni, jioni akakirudisha kikapu kwa Anatolia pale kisimani, wanawake wa kijiji wakiwa wamejipanga na ndoo zao.

Yeye alikuwa anafuata adabu za Pangani. Wanawake wa kisimani walikuwa wanaangalia ndoa.

Kesho yake malori yakaondoka kwenda mbele, na Haidari akaondoka nayo. Anatolia akabaki na kanga na jina. Baba yake hakusema naye mpaka vita vikaisha. Wenye kupenda hesabu walimwangalia tumbo mwaka mzima, na tumbo lilipokataa kuwasaidia, wakasema kuna dawa amekunywa. Hatimaye alitokea Kahangwa, fundi baiskeli, aliyemwoa akijua jina zima na hakuwahi kumuuliza lolote. Kila msimu alimpelekea Kahangwa senene, na kila msimu Kahangwa alimletea kitenge kisichochuja. Agnetha alizaliwa mwaka themanini na nne, mbali na vita kiasi kwamba hata waongo wa Kagoma waliona aibu kujaribu. Ile kanga, kama mtu anadhani ilitunzwa sandukuni na majani yenye harufu, ilimbeba Agnetha mgongoni, ikafunikia maziwa, na ikamalizia maisha yake kama tambara la kushikia sufuria.

Haidari hakufa vitani. Baada ya vita alibaki Bukoba akiendesha magari ya kahawa, akaoa binti wa Kihaya wa Kiislamu aitwaye Maimuna, na baadaye akafungua duka la rangi na misumari Rwamishenye. Anatolia aliyajua hayo yote. Mara moja alimwona sokoni, mke upande huu, samaki upande ule, akaupanga upya mzigo wake kichwani na kupita uchochoro mwingine. Watu walipomuuliza kuhusu kikapu, jibu lake lilikuwa moja miaka yote: nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kutoa. Jibu hilo lilikuwa kweli kiasi chake.

Lilian hakuwa mtu wa kukubali bibi yake afichwe jikoni. Alikwenda Rwamishenye bila kumwambia mtu, akalipata duka, akamkuta mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na miwani, aliyefiwa na mkewe mwaka wa tatu sasa, anapima misumari. Akamweleza mambo yote, tangu kisimani mpaka blanketi. Akamwomba kitu kimoja, aje aseme ukweli mbele ya wakwe, kwamba hapakuwa na lolote. Mzee alimimina misumari kwenye mfuko, akasema atakuja.

Siku ya mahari ilikuwa Novemba, msimu wenyewe. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba ya marehemu Kahangwa, migomba ikainamishwa kutengeneza lango, viti vya plastiki vikapangwa, pande mbili zikitazamana. Rutashobya, mdogo wake Kahangwa, alikaa mahali pa mwenye nyumba. Mwalimu Mushumbusi alikaa upande wa wageni ndani ya suti yenye vifungo vyote, blanketi la bibi limekunjwa magotini pake kama faili. Pembeni yake alikaa mkewe, Jovita, mama mdogo mwenye kilemba cheupe, ambaye watu wa Kanazi walisema hufungua mdomo kanisani tu, na hapo pia ni wakati wa kuimba. Kahawa ya kutafuna ilipitishwa kwenye kikapu, kila mtu akachukua punje zake. Anatolia alikuwa jikoni anageuza matoke, dirisha limefunguliwa kidogo, anamlaani kila mtu kwa majina yake mawili.

Mshenga alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo wakati pikipiki iliposimama langoni, na mzee mwenye kanzu akashuka akijishika kiuno. Lilian alikwenda kumpokea kwa magoti yote mawili, akamwomba Babu Rutashobya ruhusa, na kabla watu wazima hawajakubaliana kama jambo hilo linaruhusiwa, mzee alikuwa amekwisha kaa. Anatolia alimtambua kwa meno. Mwiko ukamsimama mkononi.

Haidari alisalimia vizuri, pande zote mbili, akataja jina lake na kazi yake. Mwalimu Mushumbusi akamuuliza maswali kama anayesahihisha mtihani. Alimfahamu mama wa nyumba hii? Alimfahamu. Alipokea senene kutoka kwake? Alipokea. Alimpa nguo? Alimpa kanga, kwa sababu kwao chombo hakirudi kitupu. Alikula?

"Wallahi, Mwalimu, sikula," Haidari akasema. "Mimi mtoto wa pwani. Nilipofunua nikaona wadudu wananitazama, nikaogopa. Nikawamwagia kuku wa mkuu wa shule ya hapa. Sijamgusa Bi Anatolia hata kidole, na jina alilopewa alipewa bure."

Pumzi iliyotolewa pale turubaini ingeweza kuzima jiko. Mtu mmoja alicheka, akafuata wa pili, mwisho ukoo mzima unacheka habari ya kuku. Mwalimu Mushumbusi akasimama. Akasema kwamba kama hazikuliwa, basi hapakuwa na kitu, na kama hapakuwa na kitu, Mama Agnetha ametakasika leo mbele ya mashahidi, na familia yake itaona fahari akija kukaa mbele kupokea blanketi lake. Kiti kikaletwa. Agnetha akaja jikoni mbio, machozi yanamtiririka, anamvua mama yake aproni kwa mikono yake mwenyewe, anamwambia, Mama, yamekwisha, njoo ukae.

Anatolia hakusogea. Kiti alichokililia kilikuwa palepale, anakiona dirishani, kimefutwa vumbi. Alitakiwa tu kutoka, kuinamisha kichwa kidogo na kukaa. Lakini kichwani mwake neno lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kuku. Alfajiri ile alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Alinyonyoa mabawa mpaka vidole vikavimba. Alibeba jina tangu ujanani, mabinti wenzake wakaacha kwenda naye kisimani, baba yake akageuzia uso ukutani, na karamu yenyewe ilikuwa imeliwa na kuku. Tena sasa watu hawa walewale wanafurahi, wanafuta machozi, kama wake za maofisa wenye kofia. Wamekwisha kupata filamu yao. Kilichomkera katika kifo cha yule mama wa baa sasa alikiona: hawakuhitaji hata risasi, wamemwosha tu, na yule msichana wa miaka kumi na tisa aliyevuka uwanja wa kambi na kikapu mkononi ndiye aliyekufa.

Juu ya meza ya jikoni palikuwa na sahani ya senene alizozikaanga asubuhi kwa ajili ya wanaume wa upande wa wageni. Akaichukua, akatoka.

Watu walipiga makofi walipomwona. Alipita kile kiti, akaenda kusimama mbele ya Haidari, akaiweka sahani kwenye stuli mbele ya magoti yake. Makofi yakapungua.

"Mwalimu, kaa kwanza," alisema, bila kumtazama Mushumbusi. "Mzee huyu amesema ukweli wa kwake. Na wa kwangu usemwe. Miaka yote nimesema nilipeleka senene kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu kingine. Palikuwa na mayai. Palikuwa na jogoo. Nilipeleka senene kwa sababu nilijua senene ni nini. Nilimtaka. Kwa hiyo msinioshe, mimi sijachafuka."

Agnetha alikaa chini kwenye mkeka. Rutashobya akaanza kukohoa kikohozi cha mwenye nyumba asiyejua la kufanya. Lilian alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Sasa, Haidari," Anatolia akaendelea, "kuku hawapo leo. Kula."

Alitaka kumwona akiogopa. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni mwake, amwone yule mtoto wa pwani akikunja uso mbele ya watu, walau hapo wangelingana. Haidari aliitazama sahani. Akavuta mkono wa kanzu, akachota senene kwa vidole vitatu, akazitikisa kidogo kiganjani, akapuliza mabawa yaliyosalia, akazirusha mdomoni kwa mpigo mmoja, akatafuna kwa meno ya nyuma. Akachota tena.

Kila Mhaya aliyekuwa chini ya turubai lile aliona. Huyu si mtu anayekula senene kwa mara ya kwanza. Si kwa mara ya mia.

"Nani alikufundisha?" Anatolia akauliza, sauti yake imeshuka.

"Maimuna, Mungu amrehemu."

"Alikuletea lini?"

"Msimu wa kwanza baada ya kuoana."

"Ukala, ukakaa. Na yeye akakaa anasubiri nguo."

"Alisubiri," Haidari akakubali. "Nikamuuliza anasubiri nini."

"Akakueleza."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, na ilikuwa haina kitu. "Akanieleza," alisema. "Siku ile ndipo nilipojua ulichoniletea Kagoma. Nikasema nije. Halafu nikasema, nije nikamwambie nini, na mimi nimeshaoa? Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Ikawa vigumu zaidi kila mwaka. Nisamehe, Anatolia."

Kutoka Rwamishenye mpaka Kagoma ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi, hata kwa basi bovu. Neno moja tu, lililosemwa kwenye mlango wa kanisa au pale kisimani, lingemtosha msichana yule. Anatolia alimwangalia mzee ambaye yeye alimtaka ujanani, akatafuta hasira yake akaipata nyembamba kuliko alivyodhani. Kilichokuwa kimejaa mahali pake kilikuwa ni majonzi, na pembeni ya majonzi kitu kinachofanana sana na njaa.

Akainama akaichukua sahani kutoka mbele yake.

"Hizi ni zangu," akasema.

Akaenda nayo mpaka kwenye kile kiti cha mbele, akakaa, akaiweka sahani mapajani, akaanza kula. Alikula bila kujificha, mbele ya wakwe, mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya ukoo wa Kahangwa wote, kwa utaratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Zilikuwa nzuri. Kitunguu kilikuwa kimekolea. Akamwambia Lilian ammiminie Mzee Haidari chai, ametoka mbali, na Lilian, aliyelelewa na bibi huyu, akammiminia nusu kikombe.

Mwalimu Mushumbusi alifungua mdomo. Hesabu ilikuwa imemshinda. Mwanamke aliyekuwa ametakasika dakika chache zilizopita alikuwa amekiri kwa kinywa chake, akamlisha mwanamume asiye mumewe kwa mkono wake, na sasa anakula senene kwenye kiti alichopewa na yeye Mushumbusi mwenyewe. Alianza kusema kwamba pengine ingefaa familia yake itoke kidogo ikashauriane. Audax alibaki ameketi, macho kwa Lilian, wala hakujishughulisha kusimama. Ila baba mtu alikuwa amekwisha kunyanyuka nusu, blanketi kwapani, na watu wa Kanazi wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho. Agnetha alikuwa ameficha uso kwenye kanga yake. Anatolia akajua kwamba kiti amekipata na huenda harusi ameipoteza.

Hapo ndipo Jovita aliposimama. Alimpita mumewe bila kumgusa, akavuka ile nafasi ya katikati ambayo wanawake huwa hawaivuki mpaka mshenga aseme, akaenda mpaka kwenye kiti cha Anatolia. Tangu aolewe alikuwa amenyonyoa senene za Mwalimu Mushumbusi kila msimu, ndoo kwa ndoo, mpaka ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepinda. Akasimama pale, kilemba cheupe, mikono imekunjwa.

"Nionjeshe, waitu," akasema, kwa lile neno la heshima la Kihaya.

Anatolia akamsogezea sahani. Jovita akachukua senene mmoja, mmoja tu, akamweka ulimini, akafunga macho, akatafuna taratibu mpaka akammaliza. Mumewe alimwita jina lake.

"Kumbe ndivyo zilivyo," akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo.

Akajipangusa chumvi kwenye gauni, akarudi kwa mumewe, akamchomoa blanketi kwapani, akaja akalitandaza magotini pa Anatolia, vizuri, kona kwa kona. Kisha akavuta kiti cha jirani, akakaa, akarudisha mkono kwenye sahani.